Jumapili walipoliita jina langu uani

Mei 2019 homa ya dengi ilikuwa gumzo la Dar es Salaam nzima. Redioni dengi, kwenye daladala dengi, na pale Gerezani nilipokuwa nauza duka la spea za magari, ukimuulizia fundi ambaye hajaonekana unajibiwa yuko kitandani, viungo vinamuuma. Mimi ilinikamata nikiwa napanga beringi kwenye rafu. Kichwa kiliniuma nyuma ya macho, magoti yakakataa kunibeba, na kabla ya jua kuzama nilikuwa natetemeka chini ya feni iliyozimwa.

Zahanati walinipima malaria, hawakuiona. Daktari akasema ni dengi, haina dawa yake maalumu. Ninywe maji mengi, nimeze parasetamo, nisiguse aspirini wala diklofenaki kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, na nikiona damu kwenye fizi nisingoje kuche. Nikarudi chumbani kwangu Mtoni, Temeke, nikajifungia, nikalala. Simu ikaisha chaji, sikuwa na nguvu ya kuinuka kuichomeka.

Mama yuko Songea. Sikumwambia. Ningemwambia, kesho yake angekuwa ndani ya basi, kilomita zaidi ya 900, na magoti yake yale. Wapangaji wenzangu walikuwa watu wema, ila kila mmoja na saa zake: mmoja analinda usiku, mwingine anawahi samaki Feri alfajiri, mwingine nilizoea kuziona ndala zake tu mlangoni. Sensa ya 2012 ilikuta mji ule una watu zaidi ya milioni 4. Nilipohamia sikuwa na hata mmoja wa kumwambia, "Nipitie jioni."

Ndiyo maana nilijiunga na klabu ya jogingi. Niliifuata kwa sauti. Kila Jumapili kabla hakujapambazuka vizuri nilikuwa nasikia filimbi inapita barabara ya Kilwa, halafu mtu mmoja anaimba na kundi linaitikia, nyimbo za mchakamchaka kama zile tulizokimbia nazo shule ya msingi. Asubuhi moja nikavaa raba, nikawangojea kituo cha kwa Azizi Ally, nikaingia mkiani mwa mstari. Mbele yupo mwenye bendera nyekundu anayezuia magari, nyuma yupo mwingine. Tukapita Uhasibu, tukaingia barabara ya Mandela hadi Uwanja wa Taifa. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Pumzi iliponiishia, kijana mmoja, kondakta wa daladala za Mbagala, alipunguza mwendo akakimbia sambamba nami, akaniambia niitikie wimbo, nikiitikia nitapata pumzi. Na kweli, nikapata.

Tulipomaliza viungo na kunyoosha misuli, Katibu aliniita. Ni mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, anavaa trakisuti iliyopigwa pasi. Alipenda kukumbusha wageni kwamba wao walikuwa wakikimbia kabla ya Desemba 2016, pale Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. "Sisi hatukusubiri kuambiwa," anasema, na kifua kinatanuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo."

Alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu. Jina. Simu. Kazi. Mtaa, jina la mwenye nyumba, alama ya kufikia. Nikasema nyuma ya msikiti, geti la bluu, kuna mwembe. Kisha akauliza, "Ndugu wa karibu hapa Dar?"

Nikasema sina.

Kalamu ikabaki hewani. Mama lishe anayetuuzia supu, naye mwanachama, alikuwa anakamulia ndimu kwenye bakuli la mtu. Akasema bila hata kugeuka, "Niandike mimi."

Katibu akamwandika. Halafu akanisomea masharti: kiingilio, fulana ya klabu, mchango wa mwezi, mchango wa msiba na ugonjwa, na faini ya shilingi 1,000 kwa mtu asiyeonekana Jumapili bila kutoa taarifa. Kuna vijana waliokuja siku ile ile niliyokuja mimi, wakasikia habari ya faini, wakaondoka. Walisema wao wamekuja kufurahi, hawakuja kuajiriwa. Mimi faini ile ndiyo iliyonibakiza. Nilikuwa nimeshajaribu makundi ya kukutana ufukweni na kupiga picha, makundi ya simu yenye watu mia na salamu za asubuhi zenye maua. Huko ukipotea mwezi mzima, hakuna pengo linaloonekana. Namwambia kila anayehamia mji asiojua mtu: tafuta kikundi chenye daftari, chenye haki ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Basi Jumapili ile ya homa nilisikia filimbi kwa mbali. Nikiwa nimelala nilihesabu kwa masikio: sasa wako kwa Azizi Ally, sasa watanyoosha kuelekea Uhasibu. Lakini sauti haikunyoosha. Ilikata kona. Ikaja uchochoro wa msikitini, ikawa kubwa, watoto wa mtaa wakaanza kupiga kelele, na geti la bluu likagongwa kwa kiganja.

Waliingia wote. Uani hapakutosha, wengine wakabaki nje ya ukuta wakikimbia palepale walipo, miguu inapiga ardhi mpaka sufuria zilizoanikwa zikawa zinatikisika. Filimbi ikalia mara moja, wakasimama. Nikafungua mlango nikiwa nimejifunga khanga, nimeegemea fremu. Katibu alikuwa katikati ya ua na daftari mkononi. Hakunisalimia. Alisoma jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu, kama lilivyoandikwa.

"Nipo," nikasema.

"Yupo!" akapaza sauti kwa wale wa nje, na ua mzima ukaitikia.

Nililia pale pale mlangoni. Sijui kama watu waliozaliwa Temeke, waliozungukwa na shangazi na binamu tangu utotoni, wanaweza kuelewa maana ya kuitwa jina lako kamili na watu waliokata kona kwa ajili yako.

Kisha kazi ikaanza, na ilifanyika haraka kuliko nitakavyoieleza. Tulikuwa na muuguzi mstaafu, tukimwita Sista. Aliniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaangalia fizi zangu, akageuza mikono yangu juani kutafuta madoa, akaniuliza mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini, mbele ya watu na bila aibu. Nilikuwa nimekauka. Aliagiza maji ya chumvi na sukari yachanganywe hapo hapo, na akapanga kesho asubuhi nipelekwe hospitali kuangaliwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kuna aliyekuja na chupa ya juisi ya majani ya mpapai, maana mwaka ule kila mtu alikuwa anaitaja. Sista aliipokea kwa heshima, akaiweka pembeni, akanipa maji.

Halafu akawageukia wengine. Akawaambia mbu wa dengi anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, na hazaliwi kwenye mtaro mchafu kama watu wanavyodhani. Anapenda maji yaliyotuama karibu na watu: ndani ya tairi, kifuu, kopo, sahani ya chungu cha maua. Vijana wakatawanyika. Nyuma ya choo walikuta tairi za zamani za mwenye nyumba, na maji ndani yake yana viluwiluwi vinavyopinda na kunyooka. Mwenye nyumba akatoka, akadai tairi zake anaziuza. Konda akamjibu kwa upole, "Hatuzichukui, baba. Tunazitoboa tu." Mabishano yalichukua muda, Mwenyekiti akaingilia kati, na mwishowe mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeleta msumari na nyundo. Waliendelea nyumba ya jirani, kisha ya pili yake, wamevaa fulana zao za njano, wanamwaga maji ya vifuu huku wanaimba. Mbio za siku hiyo ziliishia hapo.

Mama lishe hakuondoka nao. Alifagia chumba changu, akachomeka simu yangu, akapika uji kwenye jiko la mpangaji mwenzangu baada ya kumwomba, na akatangaza zamu: leo yeye, usiku mke wa fundi gereji, kesho Konda na Sista hospitalini. Katibu aliandika zamu zile kwenye daftari. Kwenye safu ya faini aliandika "mgonjwa", akanionyesha, maana kwake haki lazima ionekane. Mweka hazina akaacha bahasha ya mchango juu ya meza, nami nikatia saini nimepokea, kwa mkono unaotetemeka.

Kesho yake damu ilipimwa, chembe sahani zilikuwa zimeshuka ila si za kutisha, na kabla ya wiki kwisha zikaanza kupanda. Lakini hilo lilikuja baadaye. Jumapili ile ile, mchana, simu yangu iliyokuwa inachaji iliita. Ni Mama, kutoka Songea. Sauti haikuwa inanitoka vizuri, nikampa mama lishe simu.

"Shikamoo, dada," mama lishe alisema. "Mimi ndiye ndugu yake huku. Anaumwa, lakini amekunywa uji."

Nilisikia mama anauliza kwa kasi, na yule anajibu moja moja: homa imeanza lini, choo kikoje, nani atalala naye, uji una chumvi kiasi gani. Mama alisema limau liongezwe, mama lishe akasema ndimu ni bora, wakabishana kidogo, wakakubaliana. Kisha wakaanza kuulizana habari za watoto. Walikuwa bado wanaongea nilipopitiwa na usingizi. Baadaye mama lishe aliniambia waliongea mpaka salio la mama likaisha, naye akampigia.