Damu ya shira

Jana nimerudi saa tano usiku, natoka kupamba bi harusi Bondeni, hapa Mombasa, vidole vyangu bado vinanuka hina na mafuta ya mkaratusi, nikavua buibui nikajitupa kitandani nikafungua kompyuta nikaweka Evil Dead ya 2013, filamu ya kutisha. Mamangu akapita koridoni akachungulia, akaniambia, "Wewe, na hii si uliiona juzi tu?" Nikamwambia ndio mama, ni hiyo hiyo. Akasonya akaenda zake kulala.

Sasa mimi usingizi ukanipaa, manake lile swali lake naulizwa sana, na wateja wangu, na binamu zangu, na kila anayejua kwamba mtu anayechora maua kwenye mikono ya maharusi ndo yule yule anayekaa usiku kutazama watu wakikatwa na pawasoo. Tena si picha mpya, ni rimeki. Yaani hadithi ilishatolewa miaka arubaini nyuma, kila mtu ajua nani atakufa na atakufia wapi, na bado naitafuta. Kwa hivyo leo naandika, nimalize.

Kwanza nianze na bibi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukusanya barazani Kisauni stima zikipotea, anaanza paukwa, tunaitikia pakawa, na hadithi tuliyokuwa tukimdai kila siku ni ile ya zimwi lililomtia msichana kwenye ngoma likazunguka naye vijijini likimwimbisha. Tuliijua yote. Kila mtoto pale barazani angeweza kuitoa mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini tulikuwa tunangojea pahali pale zimwi linapopiga ngoma, kwa sababu bibi kila siku alikuwa anaifanya ile sauti vingine, leo nzito ya kifuani, kesho ya kunong'ona karibu na sikio la mtoto mdogo kuliko wote mpaka anaruka. Na akijaribu kukipita kile kipande, tulikuwa tunapiga kelele, bibi umeruka! Zimwi likujualo halikuli likakwisha, si ndo tunavyosema. Basi rimeki kwangu ni hiyo. Hadithi nishaijua, naja kuona leo umeifanya vipi.

Rimeki ya kwanza kuiona niliiona bila kujua kama ni rimeki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaenda duka moja la muvi Mwembe Tayari na flashi yangu, nikamwambia kijana nataka ile Texas ya zamani, The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, nimeisoma mahali. Akaniwekea, nikalipa, kumbe amenitilia ya 2003, na niliporudi kumuuliza akanijibu zote ni moja, hii ni mpya tena ina rangi nzuri. Nilikasirika, nilikuwa nimepanda matatu mara mbili kwa ajili ya hilo. Lakini nishaiona ishaniingia. Mle ndani kuna kijana anakatwa mguu na lile jitu lenye uso wa ngozi ya watu, halafu anatundikwa kwenye kulabu, halafu jitu linachukua chumvi linapaka pale palipokatika na kufunga na karatasi, taratibu, kama mzee wa Likoni anayetengeneza ng'onda. Ile chumvi ndo iliyonimaliza. Kukata mguu kila mtu aweza kuandika, lakini chumvi, hiyo ni akili ya mtu aliyekaa akafikiria kazi ya buchari hasa huwa vipi.

Baadaye nikaja kuipata ya 1974, ya Tobe Hooper, ilotengenezwa kwa dola kama 140,000, na nikashangaa, damu ni kidogo! Wallahi ni kidogo. Msichana anatundikwa kwenye kulabu, kamera inakuonyesha uso wake na inakuonyesha beseni liliyowekwa chini yake, basi, kulabu ikiingia huoni, unaiona kwa akili yako mwenyewe. Hooper alikuwa anataka ile bodi ya Marekani inayopanga filamu kwa umri impe daraja la PG, watoto nao waweze kuingia, kwa hivyo aliificha. Kwa hivyo mtu akikwambia ya zamani ndo yenye damu na hizi mpya ni za kuiga tu, ujue huyo hajaiona, amesikia. Ya zamani inatisha zaidi, hilo nakubali, mimi mwenyewe naiweka juu. Lakini kile alichokificha Hooper, rimeki ndo iliyokitoa mezani, na sisi tunaopenda kazi ya damu tulipata chakula chetu pale. Na jambo moja ambalo nalipenda sana, aliyeshika kamera 1974 na aliyeshika kamera 2003 ni mtu mmoja, Daniel Pearl. Miaka 29 baadaye anarudi kupiga picha hadithi ile ile. Ni kama bibi tu.

Ile ya 2003 ilitumia dola milioni 9.5, kwetu ni pesa za kujenga mtaa mzima lakini kwa Hollywood ni kidogo, na ikarudisha zaidi ya milioni 100. Hapo ndo matajiri wa sinema walipofungua macho, ikawa kila mwaka wanafukua kaburi la zamani: Dawn of the Dead 2004, Amityville 2005, The Hills Have Eyes 2006, Last House on the Left 2009, zikaendelea hivo. Wengi walizitukana. Sababu ilikuwa pesa, hakuna anayebisha, hadithi ishajulikana jina lishajulikana hulipi wasanii wakubwa. Lakini ukimpa fundi mzuri pesa kidogo na hadithi ambayo haina haja ya kuelezwa tena, yote anayamalizia kwenye kazi ya mikono. Na mimi niko kwenye kazi ya mikono.

Hapa ndo naomba munielewe. Kazi yangu mimi ni ngozi. Nikimkalisha bi harusi mbele yangu naangalia ngozi yake inakunywa vipi mafuta, fondesheni inaishia wapi, ule ukingo shingoni ambao mpambaji mvivu anauacha ukaonekana kama barakoa. Sasa nikitazama kidonda kwenye muvi jicho langu linakwenda pale pale, kwenye ukingo. Kidonda cha bandia ni kipande cha silikoni au jelatini kinachobandikwa juu ya ngozi ya msanii, na kazi yote iko pembeni, lazima pembe ziwe nyembamba kama utando wa maziwa ndo ziyeyukie kwenye ngozi, halafu rangi inakuja tabaka kwa tabaka, nyekundu ya ndani, zambarau kidogo ya chubuko, manjano ya chubuko linalopona. Kama ni cha kutoa damu kuna paipu nyembamba imepitishwa nyuma ya nguo au chini ya hiyo silikoni, na mtu amelala sakafuni nje ya kamera na bomba anasukuma. Katika Evil Dead ya 2013 msanii Jane Levy anapitisha ulimi kwenye kisu mpaka unapasuka mara mbili, na mwenzake anaukata mkono wake mwenyewe na kisu cha umeme cha jikoni, na mwongozaji Fede Álvarez, wa kutoka Uruguay, alishikilia kwamba mambo yafanywe kwa mikono pale pale mbele ya kamera, kompyuta iwe ya kusafishia tu. Mwisho wa picha mbingu inanyesha damu, damu ya kweli ya bandia, galoni kwa maelfu, inamwagwa juu ya kichwa cha yule msichana na nywele zinashikana na uso na macho hayafunguki. Ukiona damu ya kompyuta unaijua, haina uzito, inaruka halafu inapotea haikuacha alama kwenye nguo. Hii inabaki. Inafanya nguo kuwa nzito, inamfanya msanii ateleze kweli.

Na huyo Álvarez alipataje kazi? Alitengeneza filamu fupi ya maroboti yanabomoa Montevideo, akasema imemtoka dola 300, akaiweka intaneti 2009, Hollywood wakampigia simu. Rimeki ya watu wengine ikawa ndo mlango wake. Hilo huwa nalifikiria sana.

Sasa damu yenyewe. Sam Raimi na wenzake walipotengeneza Evil Dead ya kwanza, 1981, vijana watupu, porini Tennessee, kwa pesa isiofika dola 400,000, damu yao ilikuwa shira ya mahindi na rangi ya chakula. Ile Night of the Living Dead ya 1968 ya George Romero ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa hivyo damu ilikuwa shira ya chokoleti tu. Na yule Herschell Gordon Lewis aliyeanzisha mambo haya ya matumbo nje, 1963, na Blood Feast yake ya chini ya dola 25,000, aliona damu ya jukwaani ya siku hizo inatoka zambarau kwenye rangi, akaenda kutengenezewa yake na maabara ya vipodozi huko Florida. Vipodozi! Nilipoisoma hiyo niliifunga simu nikakaa kimya kidogo.

Kwa sababu nyumbani kwetu tunaipika. Mama mdogo wangu anauza mabuyu. Kila Alhamisi anaweka sufuria, sukari na maji kidogo, inachemka mpaka inavuta uzi ukiinua mwiko, anatia iliki, anatia pilipili, anatia rangi nyekundu, halafu anamwaga mbegu za mbuyu ndani na anageuza haraka kabla shira haijashika. Tangu utotoni najua ile rangi inavyokaa kwenye midomo na kwenye kucha na kwenye kola ya sare ya shule. Hiyo ni damu ya sinema, hakuna tofauti, sukari na rangi.

Mwaka jana ndugu yangu alikuwa anataka kupiga kafilamu na simu, darini kwetu, zimwi linakula fundi wa matangi. Nikamwomba mama mdogo shira kikombe kimoja kabla hajatia iliki. Kwenye mwanga wa jua la saa tisa ile nyekundu ikatoka kama soda, inapenya, haina ndani. Nikatia kijiko kidogo cha kakao, ikazama ikawa ya hudhurungi pembeni na nyekundu katikati, nikatia unga wa muhogo kidogo sana ipate mwili, nikaimwaga kwenye shingo ya ndugu yangu polepole na ikateremka vile damu inavyoteremka, inasimama kwenye mfupa wa bega, inajaa, halafu inashuka tena. Tulinyamaza sote wawili. Dakika kumi baadaye sisimizi walikuwa wameshafika, na shati ile ilipokauka ilisimama yenyewe kama gamba.

Jirani zetu Uganda, kule Wakaliga Kampala, mtengeneza filamu Nabwana na watu wake wamefanya hivi miaka mingi, wanajaza rangi ndani ya kondomu wanaifunga chini ya shati na ikivutwa inapasuka kama risasi. Hawakungoja mtu.

Si kila rimeki nazipenda, musije mukanifikiria hivo. Night of the Living Dead kwa mfano, jina lake lilibadilishwa dakika za mwisho na ile alama ya hakimiliki ikasahaulika kuandikwa upya, kwa hivyo sheria ya Marekani ikaifanya mali ya kila mtu, na kila mwenye kamera akaichukua akafanya yake. Ya 1990 ni nzuri, iliongozwa na Tom Savini, huyu kwangu ni mwalimu, alikuwa mpiga picha wa jeshi vita vya Vietnam akaona maiti za kweli kabla hajaanza kuzitengeneza, ingawa picha yake ilikatwakatwa na wenye daraja. Ya 2006, ile ya 3D ya kutazamwa na miwani, naomba niipite. Na Cabin Fever ilitengenezwa upya 2016 kwa hadithi ile ile iliyoandikwa ya kwanza, miaka 14 tu imepita, hakuna kilichoongezwa hata chumvi, na hapo hata mimi nasema hapana. Na zile za mwanamke kudhalilishwa nusu saa nzima ndo baadaye alipize, za zamani na mpya zake, sizitazami. Pale sioni fundi, naona mtu ametolewa macho tu.

Lakini The Hills Have Eyes ya 2006 itafuteni. Jangwa munaloliona mule wanasema ni la New Mexico, ni la Morocco, Afrika hii hii, na zile sura za watu walioharibiwa na mabomu ya nyuklia zilitengenezwa na mafundi kina Greg Nicotero na Howard Berger. Simamisha pale jamaa wa kichwa kikubwa amekaa kwenye kiti, angalia shingoni kwake, tafuta ukingo. Mimi nimetafuta mara nne.

Alhamisi hii mama mdogo anapika tena. Nishamwambia aniwekee vikombe viwili, ameniuliza vya nini, nikamwambia zimwi halikushiba ile siku ya kwanza. Kanipa sufuria nzee na sharti moja tu, sisimizi wakija niwaondoe mwenyewe.