Saa tano za harusi ya Lamu kwenye diski moja

Baba wa bwana harusi alikuwa na sharti kwangu mimi mpiga video: hakuna kukata. "Mwanangu, ngoma ya kirumbizi yote, nikaha yote, na msafara wa mashua kutoka Shela, vikae kwenye diski moja nimpelekee ndugu yangu Mombasa." Huyo ndugu ana PS3, mashine ya michezo ambayo watoto huchezea mpira, na mashine hiyo inasoma Blu-ray, diski yenye nafasi kubwa kuliko DVD, tangu ilipotoka 2006. Nikamwambia, "Inawezekana, ami," kisha nikakaa kupiga hesabu.

Diski niliyokuwa nayo ni ya tabaka moja, GB 25. Saa tano ni sekunde 18,000. Gawanya: unabaki na kama megabiti 11 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja, wakati Blu-ray huruhusu hadi 40 kwa picha peke yake. Kodeki, yaani njia ya kubana video, ya MPEG-2, ile ya DVD, niliiweka kando hapo hapo, maana ingetaka karibu mara mbili ya biti ili ilingane na H.264, kodeki niliyoichagua.

Sauti nilianza nayo kwa sababu ndiyo nyepesi. Ikiachwa bila kubanwa, yaani LPCM ya spika mbili, ingekula karibu GB 3.5. Kwa Dolby Digital, njia ya kubana sauti, ya kilobiti 448 kwa sekunde ikashuka hadi GB 1 hivi. Nilijaribu pia 128, lakini zumari likakwaruza masikio, na kirumbizi bila zumari safi ni watu wanagongana bakora tu.

Kazi ilikuwa bahari. H.264 haihifadhi kila fremu (picha moja moja ya video) nzima. Huchukua ya jirani yake na kuandika kilichobadilika. Kadhi na bwana harusi wameketi, hakuna kinachosogea ila midomo, basi biti chache zinatosha. Lakini jua likimetameta juu ya mawimbi, kila fremu ni mpya, hakuna cha kuazima. Ukigawa biti sawasawa kila sekunde, maji yanavunjika miraba miraba, na huku nikaha inapewa biti isizozihitaji.

Kwa hiyo nilitumia mapito mawili. Pito la kwanza programu inatazama video yote na kuandika palipo pagumu. La pili ndilo linalobana, likichukua biti kwa waliokaa na kuwapa mashua na bakora. Wastani nikauweka megabiti 10 kwa sekunde, kilele 30. Kompyuta yangu ni ya zamani, ikakesha ikiunguruma.

Ngoma ya usiku ilinisumbua kwa njia nyingine. Chembechembe za giza kamera huzitengeneza yenyewe, na kodeki huzihangaikia kama vile ni picha ya maana. Nikazilainisha kidogo kabla ya kubana. Kidogo tu, la sivyo nyuso zinakuwa za nta.

Diski ilicheza vizuri kwenye PS3. Jamaa waliotaka DVD niliwaambia wazi: saa mbili tu, na wa kukata ni mimi.