Rangi ya mwili

Moshi, Alhamisi usiku

Kwenye boksi la penseli za rangi kuna moja ya waridi iliyopauka. Wapo watoto wanaoiita "rangi ya mwili". Mwili wa nani, hawaulizi, na mara nyingi mwalimu naye haulizi. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na kreyoni yenye jina la namna hiyo, ikalibadilisha mwaka 1962. Kwetu jina limekaa mdomoni bila hata kuandikwa popote, na naona somo la ubaguzi wa rangi lianzie hapo. Kuanza na "binadamu wote ni sawa" ni kupoteza kipindi. Wataitikia kwa pamoja, kengele italia, na huko uwanjani mwenzao ataitwa "mkaa" kama jana.

Kuchanganya rangi kunafika mbali zaidi. Kundi la watoto watano linahitaji rangi za maji nne (nyekundu, njano, bluu, nyeupe), vifuniko vya chupa vya kuchanganyia, na vijiti vilivyofungwa pamba kama brashi hazitoshi. Njano sehemu mbili, nyekundu moja, kisha bluu kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo, mpaka kahawia itokee. Anayetaka iliyokolea anaongeza nyekundu na bluu, anayetaka nyepesi anaongeza nyeupe. Bluu ikimwagwa mwanzoni mambo yanageuka kijani, na kuyarudisha kutamaliza chupa ya nyekundu.

Nyeusi ibaki kabatini. Watoto wataiomba, kwa sababu wanaambiwa wao ni weusi. Lakini nyeusi ikiingia kwenye njano huleta kijani cha tope, na ikitiwa nyeupe huwa majivu. Mwenye ngozi iliyokolea kuliko wote ndiye atakayebaki na kifuniko kibaya, na wenzake watasema rangi yake imeharibika. Kosa ni la rangi ya dukani, ila aibu inamwendea mtoto.

Wakishapaka karatasi wasubiri ikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Kisha walinganishe na mgongo wa kiganja, halafu na upande wa ndani wa mkono karibu na kwapa, mwisho na kiganja chenyewe. Kila mmoja atajikuta ana rangi zaidi ya moja. Hapo ndipo sayansi inapoingia bila kulazimishwa: chembe zinazotengeneza melanini, kitu kinachoipa ngozi rangi yake, ni karibu idadi ileile kwa watu wote, mweusi tii au mweupe pee. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, na jua lina sehemu yake. Majina ya rangi wabuni wenyewe. Tunayo maji ya kunde, hudhurungi, kahawia. Na watoto wa mlimani wanaijua kahawa tangu punje mbichi mpaka iliyokaangwa, kwa hiyo wataongeza ya kwao.

Karatasi zisibandikwe ukutani kwa mpangilio wa kutoka nyepesi kwenda iliyokolea. Inapendeza macho, najua. Lakini Felix von Luschan, mwanaanthropolojia wa Berlin, Ujerumani, enzi za ukoloni, alifanya kazi hiyohiyo: vigae 36 vya kioo, ngozi ya mtu inawekewa kigae, mtu anapewa namba. Huyo ndiye aliyekusanya pia mafuvu ya watu kutoka makoloni, yakiwemo ya huku Kilimanjaro. Zipangwe kwa majina ya watoto, A mpaka Z.

Habari ya mafuvu ni ya Darasa la Saba na sekondari, na kwa Moshi si ya mbali. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hapohapo tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha baadhi ya mafuvu na koo zilizo hai hapa Tanzania. Moja lililingana na uzao wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Nashauri somo lianze 1892, mwaka ambao watu wa Meli walilishinda jeshi la Wajerumani. Likianza na mti wa kunyongea, watoto watamjua babu yao kama fuvu tu.

Mtoto mwenye ualbino asifanywe mfano wa kuonyeshwa, hata kwa nia njema. Akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, kwa kuwa macho yake mara nyingi hayaoni ubao vizuri. Kofia asivuliwe mstarini. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, hivyo mzazi aelekezwe huko.

Halafu kuna wageni wa kujitolea, ambao Moshi na Arusha hatuwakosi. Kijana wa miaka 19 anapewa chaki siku ya kwanza, mwalimu mwenye cheti anagawa madaftari. Watoto huusoma mpangilio huo kabla ya kusoma ubao. Wiki ya kwanza mgeni akae nyuma. Atambulishwe kwa jina na kazi yake, si "mzungu wetu", naye amwite mwenyeji wake Mwalimu. Zawadi zipitie ofisini na zigawiwe na mwalimu wa darasa. Picha za watoto, hapana, mpaka mzazi akubali.

Na sisi wenyewe? "Wewe mweupe pale nyuma, simama." Darasa la watoto sitini majina ni kazi, lakini kadi ya jina juu ya dawati ni kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito.

Kabla ya Jumatatu: vifuniko sitini, pamba, magazeti ya kutandika, njano chupa mbili, maana ndiyo inayoisha kwanza. Maboksi ya kadi niulize dukani.