Korona hupita kwenye pumzi

Ndoo za maji tiririka zimeshaondoka kwenye milango ya maduka hapa Mtwara, nyingine sasa zinahifadhia unga. Hilo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba katika yote tuliyoelezwa mwaka 2020, wengi tumebaki na la kunawa mikono tu, na lile kubwa kuliko yote limesahaulika: ugonjwa huu unasafiri kwa hewa.

Mimi ni fundi cherehani, kata ya Chikongola. Nashona sare za shule, madera na magauni ya vitenge. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha, na muda si muda shule zikafungwa. Sare zikasimama, mezani kwangu zikabaki barakoa. Mdogo wangu ni muuguzi, na kila nilipokuwa nakata kitambaa alikaa pembeni akinieleza kitambaa hicho kinazuia nini.

Mwenye kirusi akipumua, akiongea, akiimba au akikohoa, hutoa matone. Makubwa huanguka chini upesi, karibu naye. Yale madogo yasiyoonekana kwa macho hubaki yakielea, na chumba kikiwa kimefungwa yanarundikana kadiri watu wanavyozidi kupumua humo. Tena wala si lazima awe anakohoa. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya siku 5 au 6, zinaweza kuchelewa hata siku 14, na mtu anaweza kuanza kuambukiza siku 2 hivi kabla hajajisikia vibaya. Ukimkwepa anayekohoa peke yake, umewaacha wengi.

Sabuni bado ina kazi yake, kirusi kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuvunja. Naweni. Lakini huwezi kunawa hewa.

Sasa tazameni misiba yetu. Wanaume wanakaa nje, chini ya mwembe au turubai, upepo wa bahari unawapitia. Sisi wanawake tuko ndani, mikekani, bega kwa bega na mfiwa, dirisha limezibwa na pazia zito, mlangoni watu wamejaa, tunalia na kusoma dua kwa sauti. Wengine tunalala humo humo hadi hitima. Ikiwa ni majira ya mvua, hata kale kadirisha kadogo kanafungwa. Tukitoka hapo, kila mmoja anarudi kwa watoto wake na wazee wake. Mimi naamini kabisa kwamba kama kuna mahali pa kuanzia kujikinga huku kwetu, ni kwenye chumba cha mfiwa.

Kwenye msiba mmoja hapa mtaani niliomba tutoke. Nilimfuata bibi aliyekuwa anasimamia mambo ya ndani, nikamwamkia, nikamwambia chumba kimetuzidi.

“Mjukuu wangu, mfiwa nimtoe nje watu wamtazame?”

Nikamwambia, “Hapana bibi, tumhamishie uani. Ua una makuti, hakuna anayepita.”

Akanyamaza kidogo, akawaita wasichana: “Haya, tandikeni majamvi huko. Na mtafute kitu cha kivuli.” Tukafunga mashuka mawili kwenye mkorosho, mfiwa akakaa na watu wake, dua zikaendelea kama kawaida. Hakuna heshima iliyopungua.

Ambaye hana ua, afungue dirisha na mlango unaotazamana nalo, hewa iingie huku itokee kule. Dirisha moja peke yake halitoshi watu wakiwa wengi. Tunaishi pwani, upepo wa kusi unavuma miezi mingi bila kutudai shilingi.

Barakoa nazo zilikuwa na vituko vyake. Mteja anafika, anachukua ya kijani anajivika, anajitazama kwenye kioo, anaivua anairudisha, anachukua ya maua. Anayefuata naye anataka ile ile ya kijani. Nikaziondoa zote mbele, nikawa nampima mtu kwa futi kutoka juu ya pua hadi chini ya kidevu, namkabidhi yake. Kwenye mlango wa ofisi fulani watu walikuwa wakiazimana: anayetoka anamvulia anayeingia, apate kupita. Hiyo ni afadhali usivae kabisa, maana unaweka mdomo wako palipolowa pumzi ya mwenzako.

Tulizoshona zilikuwa na tabaka 3, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza Juni 2020. Kitambaa nilikuwa nakiinua juani kwanza. Mwanga ukipenya kwa wingi, nakiweka kando. Na barakoa iliyoshushwa kidevuni haizuii chochote.

Kuhusu kujifukiza: mvuke wa mwarobaini na mchaichai unafungua pua, sikatai, na mama yangu anaupenda. Hauui kirusi. Ubaya wake ni pale mtu anapobaki chini ya blanketi siku ya tatu huku pumzi zinakata, wakati oksijeni mwilini inaweza kushuka kabla hata hajaona shida. Akihema haraka, akibanwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo ikibadilika rangi, muda wa nyungu umekwisha, apelekwe hospitali.

Mama ana kisukari na presha. Chanjo za kwanza zilipofika nchini Julai 2021, na Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28 ya mwezi huo, tulimpeleka na yeye. Aliuliza, “Nikichomwa ndiyo siugui tena?” Mdogo wangu akamjibu, “Unaweza kuugua, mama, ila tunakukinga usifike pabaya.” Akakunja mkono wa dera.

Mei 2023 dunia ilitangaziwa kwamba hali ya dharura imekwisha. Kirusi chenyewe kipo, na wenye miili kama ya mama yangu bado wapo. Kwa hiyo mteja mwenye mafua nampimia barazani. Kuzungusha futi kifuani uso wangu unafika kwenye pumzi yake, basi namwomba ageuke, nampima kwa nyuma, na wote tunavaa barakoa. Wengi hawachukii ukiwaeleza.

Kwa wanaoniuliza vipimo vya barakoa ya mtu mzima: vipande 3 vya pamba, sentimita 25 kwa 15. Kunja marinda 3 yakitazama chini, pitisha waya mwembamba kwenye pindo la juu ubane pua, na lastiki ya sentimita 18 kila upande. Fueni kitambaa kabla ya kukikata, pamba mpya ikiingia maji hupungua.