Dola 285 kwa kipande cha mpira

Nimekaa jikoni na risiti mkononi nacheka peke yangu kama mwehu. Dola 285. Choo cha juu kilikuwa kinapitisha maji, ile sauti ya "shiii" usiku kucha, na mimi nikiwa zamu, Baba Salma akaita fundi bomba. Fundi kafika, nusu saa haikuisha, kabadilisha kipande cha mpira, kaondoka. Ada ya kufika mlangoni tu ni 129. Huo mpira nimeufuata dukani nikauona kwa macho yangu, haufiki dola 10. Mlioko Mbagala pigeni hesabu wenyewe. Kwetu Tanga kwa hela hiyo fundi angeng'oa choo, akaweka kipya, akagusa na vigae, na soda angekunywa.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuniibia. Bei aliionyesha kabla hajafungua kisanduku chake, Baba Salma akasaini. Huku Minnesota, Marekani, vifaa bei poa, mkono wa mtu ndio ghali. Nyumbani ni kinyume chake: koki ya maana inakutoa jasho, fundi mnaelewana. Ingawa na yeye tusimtakase sana. Anakwambia anakuja asubuhi, anatokea baada ya adhuhuri, anaomba hela ya spea, anarudi na saizi siyo, kesho yake simu haipatikani. Huyu wa hapa alisema saa nne na saa nne ilipogonga gari lilikuwa nje.

Choo cha chini kilipoanza wimbo ule ule, nilisema hamna, hiki nakifanya mwenyewe. Kwanza dondosha rangi ya keki kwenye tangi, usiflashi, ngoja kama robo saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli la choo, mpira umechoka. Funga koki ndogo iliyoko ukutani, flashi tangi liishe maji. Ndani utauona mpira wa mviringo umeziba tundu la chini, umening'inia kwa masikio mawili kwenye bomba la katikati, na mnyororo mwembamba unaounganisha na mkono wa kuflashia. Vua masikio, vua mnyororo, vika mpya. Kuna wa inchi 2 na wa inchi 3, kwa hiyo nenda dukani na picha. Mnyororo uulegeze kidogo tu. Ukiukaza, mpira haukai. Ukiuacha mrefu, unajipenyeza chini ya mpira na maji yanapita palepale. Basi. Hiyo ndiyo dola 285.

Mama akapiga simu ya video akanikuta nimepiga magoti chooni. "Mwanangu, mumeo yuko wapi?" Yuko kazini mama, anarudi asubuhi. "Basi si utafute hata kijana?" Kijana yupi? Huku hakuna kijana anayekaa kijiweni na mfuko wa spana akisubiri kuitwa. Na kwetu mtu mwenye digrii akionekana ameshika spana, majirani wanasema kafulia. Hapa daktari anapaka rangi uzio wake Jumamosi na hakuna anayemgeukia mara mbili.

Tena tuko Minneapolis, jiji lenye macho. Nyasi zikizidi inchi 8 unaandikiwa barua. Theluji ikiacha kuanguka una saa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yako, la sivyo jiji linasafisha na bili inakuja kwako. Umetoka zamu ya usiku, mgongo umekufa, koleo linakungoja mlangoni.

Aliyenitoa ushamba ni mzee jirani, mwalimu mstaafu. Mwezi wa kumi alibisha hodi, nikajua kaja kulalamikia kelele za watoto. Kumbe kaona mpira wa kumwagilia bado umechomekwa kwenye bomba la nje. Akaomba ruhusa, akashuka nami hadi chini ya nyumba kunionyesha valvu. Unaifunga ile ya ndani, unavua mpira, unafungua koki ya nje maji yaliyobaki yatoke. Yakibaki yanaganda, barafu inatanuka, bomba linapasuka ndani ya ukuta. Baridi ikiisha ukifungua maji, unafua zulia zima bila kupenda. Hakutaka hata chai, akaenda zake.

Ndiye pia aliyeniambia kabla sijachimba tuta la sukuma wiki nipige 811, namba ya simu ya kuonyeshwa mabomba na nyaya zilizofukiwa ardhini. Ni bure, unapiga siku kadhaa kabla, wanakuja kupuliza rangi kwenye nyasi: njano gesi, nyekundu umeme, buluu maji. Mchicha pori uliojiotea kwake alikuwa anaung'oa na kuutupa. Nilipomwambia sisi tunaupika na nazi, kaniletea ndoo nzima. Nilimuuliza kwanza kama amepulizia dawa.

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja, sikilizeni. Ukiwa umepanga nyumba, usitoe hela yako: kikiharibika kitu mwandikie mwenye nyumba, kwa maandishi, na picha. Mtambo wa kupasha nyumba joto ukipoa, kabla hujaita mtu angalia swichi na kichujio cha hewa. Kikijaa vumbi mtambo unaweza kujizima, na kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili, mshale uelekee kwenye mtambo. Gesi usiiguse. Umeme nao usiuparamie kwa ujuzi wa nyumbani: hapa soketi za kawaida ni volti 120, na waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro.

Na huyo mdogo wangu wa mwisho anayetaka kuacha chuo cha ufundi VETA mwaka wa pili eti aje huku kufanya kazi ya kutunza wazee kama ninayoifanya mimi, mwambieni dada yake kakataa. Gari la yule fundi bomba ni jipya, langu lina kioo kilichoshikiliwa na mkanda wa gundi, na mwenye digrii ya biashara ni mimi. Huku fundi bomba lazima awe na leseni ya jimbo, na kuna mafunzo ya miaka kadhaa unayofanya huku unalipwa. Amalize cheti, akaze Kiingereza cha kazini, avitunze vyeti vyake vyote na barua za alikofanya kazi. Nauli tutaongea akishamaliza.