Asahi: timu nzima iliingia, hadi wa benchi

Kwenye timu zetu za mtaani tuna katabia kamoja kananiudhi sana, mtu anacheza miaka na miaka, akistaafu anabaki kufundisha watoto bila kulipwa hata mia, nauli anajitegemea, halafu siku ya kusifiwa ni siku ya msiba wake, tena anayemsifia ni kiongozi ambaye uwanjani hajawahi kuonekana. Ndio maana tangu nihamie huku Vancouver nikaijua habari ya Asahi imenikaa kichwani. Wabongo wengi tulioko huku tunapita pale Oppenheimer Park na hatujui pale palikuwa na nini.

Palikuwa na besiboli. Asahi ilianzishwa 1914, klabu ya vijana wa Kijapani wa mtaa wa Powell, watoto wa wavuvi, wa vibarua wa viwanda vya mbao, wa wenye viduka. Enzi hizo Mjapani hapa British Columbia hata kura haruhusiwi kupiga, hata awe kazaliwa hapahapa, na 1907 kundi la wazungu lilivamia mitaa ya Wachina na Wajapani likavunja maduka. Sasa katika hali hiyo jamaa wakajiunga na ligi za wazungu, wenyewe wafupi, wembamba, nguvu za kuupaisha mpira ukatoke nje ya uwanja hawana, na bado wakawa wanabeba makombe.

Sifa nyingi hapo apewe kocha, Harry Miyasaki. Kwa msioujua mchezo: mrushaji anarusha, wewe una gongo, kila mtu anategemea uukung'ute mpira kwa nguvu zako zote. Miyasaki akawafundisha kuubembeleza, yani unaugusa tu na gongo udondoke hatua chache mbele yako, mpaka wapinzani waukimbilie waokote wewe ushafika besi ya kwanza, yani kituo cha kwanza cha kukimbilia, na mwenzako aliyekuwa ya kwanza kashasogea ya pili. Halafu kuiba besi, mrushaji akizubaa kidogo tu mtu kashachomoka. Kuna mechi inasimuliwa mpaka leo kwamba walishinda 3-1 bila kupata hata hiti moja, yani hakuna aliyeupiga mpira ukamfikisha besi kihalali, pointi zote zilitokana na makosa ya wapinzani na miguu yao wenyewe. Ukiwa shabiki wa timu pinzani siku hiyo unaweza kulia.

Sheria nyingine ya klabu ilikuwa hakuna kubishana na refa. Akikuonea unanyamaza, unarudi kucheza. Wazungu walilipenda hilo, wakaanza kujaa uwanjani kuwashangilia Asahi hata wakicheza na timu za wazungu wenzao. Mimi hiyo inanichoma kidogo kwa sababu naona ni adabu ya mtu ambaye hana pa kulalamika, ila ukitazama hali yao sijui ningewashauri nini tofauti.

Wakachukua ubingwa wa Terminal League, ligi ya hapa Vancouver, 1926, na kuanzia 1937 hadi 1941 wakabeba ubingwa wa timu za Kijapani za pwani hii mara tano mfululizo. Septemba 1941 wakacheza mechi, hawakujua ni ya mwisho. Desemba Japani ikapiga Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani, na 1942 serikali ya Kanada ikawaondoa pwani Wajapani zaidi ya 20,000, wengi wao raia, nyumba zao na boti zao zikauzwa, wao wakatawanywa kwenye kambi huko bara. Kurudi pwani wakaruhusiwa 1949. Klabu ikafa hapo.

Mmoja wao aliitwa Kaye Kaminishi. Aliingia Asahi 1939 akiwa na miaka 17, besi ya tatu, dogo kabisa kwenye timu iliyojaa wakubwa kwa hiyo benchi alilijua vizuri. Yeye kambi yake ilikuwa East Lillooet, mji wenyewe uko ng'ambo ya mto na wao kwenda huko kwa uhuru hawaruhusiwi. Wakaanza kucheza mpira kambini, baadae ikapangwa mechi na timu ya mjini, polisi akiwemo kwenye mipango. Baada ya mechi ile ukuta ukaanza kubomoka, watu wakaanza kuongea, Wajapani wakaanza kuingia mjini. Sio hotuba iliyofanya hivyo, ni mechi tu ya besiboli kwenye vumbi.

Heshima zikaja baadae sana. 2002 Toronto Blue Jays, timu ya besiboli ya kulipwa ya Kanada, waliwaita wazee waliobaki uwanjani kwao. 2003 Asahi ikaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli wa Kanada, 2005 ule wa michezo wa British Columbia, 2019 posta ikatoa stempu. Kinachonifurahisha mimi ni ile ya 2003, hawakuchagua mastaa wawili watatu wakawaacha wengine, iliingia klabu, wote, na wakatengenezewa medali za mchezaji mmoja mmoja, ikabidi watu wajitolee kuzitafuta familia ambazo vita ilizisambaza ili kila medali ifike kwa wenyewe. Hiyo kazi ya kutafuta ndio heshima yenyewe kwangu mimi, kupita hata sherehe. Ila hesabu miaka: 1941 mpaka 2003, wengi walishakufa. Kaminishi, yule dogo wa benchi, ndiye aliyebaki mpaka mwisho, miaka ya mwisho alikuwa mchezaji pekee wa Asahi aliye hai na kila aliyetaka kuijua timu alienda kwake. Kafariki Septemba 2024 na miaka 102.

Siku hizi kuna Asahi mpya hapa, ya watoto, ilianzishwa 2014. Jezi wanazivaa zenye jina lilelile.

Na nyumbani nako besiboli ipo jamani, wengi hamjui. Imeanza kuchezwa Tanzania 2012 kwa msaada wa Wajapani, pale Azania sekondari kuna uwanja kabisa, na mashindano ya taifa yanaitwa Tanzania Koshien. Wanafunzi wale wa mwanzo sasa hivi ni watu wazima. Kwa hiyo ninachowaomba wenye klabu huko, za besiboli au hata za kandanda mchangani, orodha ya wachezaji na makocha wa kwanza iandikwe sasa, yote, mpaka na kipa wa akiba, na waitwe uwanjani siku moja kabla ya mechi watajwe kwa majina. Hakuna haja ya kamati wala medali kutoka nje. Wale wa 2012 wapo, namba zao za simu mnazo.