Laiti ningeanzia kwa Speedy

Jana nimekesha na I, Robot, kitabu cha hadithi fupi za mwandishi Isaac Asimov, na tangu asubuhi kichwani mwangu mna roboti mmoja tu, Speedy. Ametumwa akachote seleniamu kwenye dimbwi, huko katika sayari ya Utaridi, na watu wawili waliomtuma wanamsubiri. Harudi. Analizunguka lile dimbwi, anazunguka tena, anapayuka kama mlevi. Amri aliyopewa ilitolewa juujuu, bila mkazo. Naye ni roboti wa gharama kubwa, kwa hiyo ametengenezwa ajihofie kuliko wenzake. Akisogea, hatari inamrudisha. Akirudi, amri inamvuta. Basi anabaki pale pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Mwishowe Powell, mmoja wa wale wawili, anatoka mwenyewe juani, anahatarisha uhai wake, ili ile kanuni ya kwanza, ya kutomwacha binadamu adhurike, izishinde hizo nyingine. Kanuni zile tatu za roboti, kumlinda binadamu, kutii amri na kujilinda, nilikuwa nazijua kwa kuzisikia. Jana nimeziona zikigombana ndani ya kiumbe mmoja.

Mimi nilimwingia Isaac Asimov kwa Prelude to Foundation. Ukikutana na mtu aliyeandika au kuhariri vitabu vinavyokaribia 500, vingi vikiwa si hadithi kabisa, unatafuta pa kushika. Nikaona nifuate miaka ya ndani ya hadithi: huyu Hari Seldon, mwanahisabati anayeanzisha yote katika mfululizo wa Foundation, bado kijana, basi hapa ndipo mwanzo. Kumbe kitabu hicho kilitoka 1988, miaka minne kabla Asimov hajafariki. Karibu na mwisho mtu mmoja anajitambulisha yeye ni nani hasa, na aliyesoma vitabu vya roboti lazima moyo umlipuke. Mimi nilifunua ukurasa nikaendelea. Mshangao ule nimeupoteza, hautarudi, na bado unaniuma.

Hadithi za Foundation, za kuanguka kwa dola kubwa la nyota, zilianza kutoka katika jarida la Astounding mwaka 1942, Asimov akiwa na miaka 22. Zikawa vitabu vitatu kati ya 1951 na 1953, kisha kimya hadi Foundation's Edge ya 1982. Pengo hilo unalisikia kabisa. Vile vya awali ni vyembamba, watu wanabishana vyumbani na vita vinapiganwa mbali na macho yetu; vya baadaye ni vinene, na vinaunganisha roboti na Foundation kuwa historia moja. Aliviandika akijua msomaji ameshabeba nini mgongoni. Ndiyo maana sasa nauamini mpangilio wa kuandikwa kwake kuliko ramani yoyote.

Ila Foundation yenyewe singempa mgeni. Ndiyo kwanza umemzoea mhusika kama Salvor Hardin, miongo imepita na yeye hayupo. Wanawake nao karibu hawapo kabisa, na hilo lilinikera.

Anayetaka mtu wa kumfuata hatua kwa hatua ana The Caves of Steel ya 1954: mpelelezi Elijah Baley, aliyezoea jiji lililofunikwa juu hadi uwazi unamtisha, anapewa roboti Daneel wafanye naye kazi, na Baley hapendi roboti.

Dada yangu ameniomba Asimov mmoja wa kusoma wikendi hii. Nilikuwa nimeshamwekea hicho mezani. Leo nimekiondoa nikaweka I, Robot, na kikaratasi nimekichomeka pale Speedy anapoanza kuzunguka.